Jioni Hii Sijawasha Jenereta

Nasimiyu,

Salamu tumenyimana tangu Jumapili, mimi na wewe, tukipishana mlangoni kama wapangaji waliogombania maji. Kwa hiyo naanza bila salamu. Zikistahili kutolewa, nitazitoa mwishoni.

Wewe sasa uko Kator kuagana na wenzako wa kwaya. Mimi niko kibandani, kwenye kile kiti cha plastiki chenye mguu uliofungwa waya. Jua limeshuka nyuma ya mapaa ya mtaa wetu wa Munuki na hii ndiyo saa ya kuwasha mashine. Tangu ulipokuwa ukitambaa, giza likikaribia mama yako huinama, huzungusha hendeli, moshi mweusi hutoka, na taa za majirani huwaka nyumba moja baada ya nyingine. Leo dizeli iko ndani ya tangi, hendeli nimeipakata, na badala ya kuwasha naandika barua. Sijui bado kama nitawasha. Nadhani nikimaliza kuandika nitakuwa nimejua.

Usiisome hapa nyumbani. Nitaitia kwenye begi lako, uisome mkifika mpakani Nimule, mkingoja kugongewa pasipoti. Mambo ya kuchemsha maji na kutozungumza na kila anayekuchekea kwenye basi siandiki. Hayo nimekupigia kelele miaka yote, na kama hayajaingia, kalamu haitayaingiza.

Nataka kujibu neno lako la Jumapili. Uliniomba kitu kimoja. Ulisema ukirudi kutoka Kampala, ukishajifunza kazi ya betri na paneli, nikuachie kibanda hiki, ukodishe betri zilizochajiwa na utengeneze sola za watu. Nikakujibu, "Nikifa utachukua." Ukaniangalia usoni ukasema, "Mama, hiyo mashine unailisha kuliko unavyonilisha mimi." Nilitaka kukuzaba kofi. Mkono ulikuwa na grisi, ndiyo maana ukapona. Halafu nikaenda kukaa nyuma ya choo nikalia, kwa sababu mwezi uliopita pesa ya unga niliimimina kwenye tangi, ukanywa chai ya rangi siku nzima.

Ngoja, Taban amekuja.

Amekuja mbio kutoka kwenye kibanda chake cha kunyolea, taulo begani. "Mama, nur wen?" anauliza, taa iko wapi. "Mashine yangu ya betri imekufa katikati. Mimi iko na mtu kwa kiti, nimenyoa nusu!" Nimemwambia angoje kidogo. Ameitazama hendeli, ameitazama kalamu, ameenda akitikisa kichwa. Kwa hiyo ujue kwamba nakuandikia huku kuna mtu Munuki amekaa na nusu kichwa kwa ajili yako.

Nirudi nyuma. Tulipokuja kutoka Kitale na baba yako, kabla hajatuacha, mtaa huu wote uliwasha mafuta ya taa. Aliyeyauza alikuwa Mama Keji, hapo ng'ambo ya njia. Alikuwa na pipa na kopo, akipima jioni, na foleni ya watoto wenye chupa ilifika hadi kwenye mti wa mwarobaini. Sisi tukashusha jenereta kutoka kwenye lori, tukachimbia nguzo, tukavuta waya. Kufikia mvua zilizofuata, Mama Keji alikuwa amegeuza pipa lake kuwa la maji. Nyumba yake ikaja kuomba laini kwangu kama nyumba nyingine zote. Nikampa, nikampa na balbu ya bure, na nikajiona mtu mwema sana. Sikuwahi kumuuliza alikula nini mwaka ule. Nilikuwa nashughulika kufurahi.

Halafu zikaja simu za kioo. Zile za vibonye mtu alichaji leo akakumbuka tena wiki ijayo, lakini hizi za kioo zilikuwa zinakufa kabla ya saa za chakula cha mchana. Kibanda kikajaa. Wewe ulikuwa na kazi ya kubandika majina kwa plasta na kupokea simu zilizoita, maana hiyo ndiyo ilikuwa desturi yetu, simu ya mteja ikiita ipokelewe. Nakukumbuka ukikimbia njiani bila viatu, "Baba Keji! Baba Keji! Ndugu yako wa Yei anasema amefika salama!" Watu walipata habari za kuzaliwa na za kufiwa kwenye kibanda chetu. Na mimi, mwanangu, nikavimba kichwa. Niliamini nimefanikiwa kwa akili yangu. Aliyetengeneza simu zinazoishiwa chaji haraka hakunijua wala hakuniwazia, lakini nilitembea sokoni kana kwamba ni mimi niliyemtuma.

Hapo ndipo ulipoanzia ujinga wangu, na nataka uuone vizuri kwa sababu una damu yangu. Badiliko la kwanza lilinibeba. La pili lilipokuja nililingoja linibebe vilevile.

Sola za kwanza zilikuwa takataka, na hilo lilinimaliza zaidi ya kitu chochote. Unaikumbuka ile paneli niliyoitundika ukutani? Kuna mteja aliinunua, ikafa kabla hata hajaizoea, nikaiomba. Nikaitundika hapa mbele, juu ya simu, ili kila anayeingia aione. Mtu akitaja sola, namwonyesha kwa kidole: "Hiyo hapo. Ichajie simu yako." Watu walicheka kweli. Lakini wakicheka walikuwa wanajifunza. Waliulizana ipi imekufa na ipi bado inawaka, fundi yupi anajua na yupi mwongo, hadi mama wa kuuza mandazi akawa anajua paneli nzuri kuliko mimi. Mimi nilibaki na ile moja iliyokufa, nikadhani zote zimekufa nayo.

Hassan alinionya. Hassan wa Garissa, mwenye duka la jumla, aliyeniuzia spea za mashine miaka yote. Siku moja nilimkuta ameegemeza paneli mlangoni pale palipokuwa na majenereta. Nikamwambia, "Hassan, unaniua mchana kweupe?"

"Mama Nasimiyu, mimi sipendi jenereta na sichukii sola," akasema. "Mimi napenda mtu akiingia dukani. Chukua hizi kwa mali kauli, uuze, utanilipa baadaye. Kwangu mtu anakuja mara moja kwa mwaka. Kwako wanakuja kila siku, wanakuamini mpaka na simu zao. Hao watu si ni wako?"

Nikamwambia vioo vyake avipeleke kwa wanaojitazama. Nilifika nyumbani nikijisifu kwa jibu hilo, nikakusimulia, na wewe hukucheka. Ulikuwa bado na yunifomu ya shule. Ulisema tu, "Lakini Hassan ni rafiki yako." Nilikutuma maji.

Kisha tukakaa kikao, sisi wenye majenereta wa mtaa. Tulikaa nyuma ya gereji, tukanywa soda, tukaongea kama mawaziri. Dizeli ilikuwa imepotea, ikipatikana ni ya chupa kando ya barabara na bei yake inakuchekesha kwa uchungu. Tungeweza kujiuliza tupunguze nini, tuongeze nini. Tulikubaliana jambo moja: nyumba yoyote yenye paneli juu ya paa ikatwe laini. Mtu ana kipaneli kidogo cha taa, lakini runinga na friji anazitegemea kwetu. Tukasema tukimkata atarudi kwa magoti.

Hakurudi hata mmoja. Waliokatwa waliongeza paneli ya pili, na ya tatu. Watu waliokuwa wangali wananunua nusu ya umeme wao kwangu niliwafukuza kwa mkono wangu mwenyewe, nikabaki namlaumu Mchina aliyetengeneza vioo.

Na wa kwanza kukatwa alikuwa Mama Keji.

Hapa kalamu inakuwa nzito. Wewe ulikuwepo, hakuna cha kukuficha, ila hujawahi kusikia jinsi kulivyokuwa upande wangu. Unajua alivyotutendea. Tulipokimbilia Kitale wakati wa risasi, yeye hakuwa na pa kukimbilia. Aliichomoa hendeli akaichimbia chini ya jiko lake. Waliokuja kupora walichukua viti, wakachukua simu za watu, lakini mashine ile huwezi kuibeba bila lori, na bila hendeli ni chuma tu. Tuliporudi aliichimbua, akaifuta kwa kanga yake, akanipa. Nilimkata mwanamke huyo waya kwa sababu ya kioo cha ukubwa wa sinia.

Halafu Baba Keji akafa. Desturi ya mtaa huu inajulikana: nyumba ikifiwa, mwenye jenereta anavuta waya hadi kwenye rakuba, kile kivuli cha miti na nyasi wanachokalia watu wa matanga, na kuwasha usiku kucha, bure, mpaka maombi yaishe. Haiulizwi nani anadaiwa nini. Tangu tufike hapa sikuwahi kukosa hata matanga ya mtu niliyegombana naye. Jioni ile nilitoa waya wa akiba, nikaujaribu, nikajaza dizeli. Kisha nikasimama kando ya mashine na hendeli mkononi, nikangoja waje kuniita.

Nilitaka kuombwa, Nasimiyu. Nilitaka mtu mmoja tu avuke njia, hata mtoto, aseme, "Mama, tunaomba taa." Basi ningewasha, na wote wangejua kwamba bado wananihitaji. Giza likashuka. Nikasikia wanawake wakianza kulia, bado nimesimama. Nilikuwa najiambia, sasa hivi watakuja.

Kikaja kimwanga kimoja. Mtu ametoka nyumbani kwake na taa yake ya sola, akaitundika kwenye nguzo ya rakuba. Akaja wa pili. Wakawa wanatokea kwenye vichochoro mmoja mmoja, kila mtu na taa yake, zile zile nilizozicheka, mpaka ua wa Mama Keji ukawaka hata ukaona nyuso za watu waliokaa nyuma. Hapakuwa na moshi wala kelele. Kwa mara ya kwanza katika matanga ya Munuki nilisikia maneno ya mhubiri mpaka mwisho. Na mmoja wa waliobeba taa alikuwa wewe. Hukuniangalia ulipopita.

Yeye ndiye aliyekuja hatimaye. Mama Keji mwenyewe, mfiwa, aliacha watu wake akavuka njia. Akanikuta na hendeli mkononi. Nilifikiri amekuja kuniaibisha na nilikuwa tayari nimeandaa maneno. Akanishika kiwiko. "Mama Nasimiyu, kuja kaa. Chai iko. Jenereta yako wacha ipumzike, kalas."

Nilienda nikakaa. Chai ilikuwa na tangawizi nyingi na sikuimaliza. Kesho yake nikawasha mashine kama kawaida, na keshokutwa, na hadi leo. Hilo ndilo usiloweza kunielewa, na mimi mwenyewe sijielewi vizuri. Wateja walipungua hadi wakabaki Taban na nyumba tatu, nikawasha. Fundi wa kuchomelea akahamia New Site, nikawasha. Mara ngapi nimeapa mbele yako kwamba mwisho wa mwezi nazima? Ikifika jioni mkono unaenda wenyewe. Naogopa, mwanangu. Naogopa ile saa ambayo giza litaingia na hakuna mtu atakayenitafuta. Nikiwasha, angalau kelele zake zinasema niko.

Taban amerudi. Amesema yule mteja ameanza kutukana, na kwamba watu wanasimama mlangoni kumtazama. Nimemwambia, "Dakika moja, Taban, namaliza." Amesema, "Mama, barua gani hiyo inakula kahraba ya watu?" Umeme wa watu, jamani. Nimecheka, kwa mara ya kwanza tangu Jumapili.

Sasa nikuambie kinachoniogopesha kwa upande wako, maana usidhani nimeishiwa na ukali. Kampuni inayokupeleka Kampala nimeisikia ikisifiwa. Nimeviona pia vidude vyao: mtu anachukua sola, analipa kidogo kidogo kwa simu, na asipolipa kinajifunga chenyewe, taa zinazimika, na aliyezima yuko mbali, hajui hata jina la mtoto aliyekuwa anasoma. Siku ukipewa nafasi ya kuuliza, uliza hivi: hicho kidude kinajua matanga? Kikijifunga usiku wa kufiwa, mtu ataenda kugonga mlango wa nani? Mimi nilikuwa na mkono wa kuzima na nilikuwa naona uso wa ninayemzimia, na bado nilikosea. Wewe ukiwauzia watu vidude hivyo, utazima watu usiowaona. Watakuambia ndivyo biashara ilivyo, na vitabu vyao vitakubaliana nao. Uliza hata kama watakuona mshamba.

Na utapendwa, hilo najua. Una mikono mizuri na huogopi paa. Utarudi hapa mtaa mzima ukikuita fundi, na utaanza kutembea kama nilivyotembea mimi sokoni. Halafu siku moja kitatokea kitu kingine, sijui kitu gani, kibaya kibaya, cha bei rahisi, kinachoharibika haraka. Watu watakicheka na wewe utatamani kukicheka kuliko wote. Siku hiyo nenda kakae na anayekiuza, unywe naye chai, hata kama moyo unawaka. Mimi sikwenda kwa Hassan. Ningekwenda, kibanda hiki kingekuwa na paneli tangu ukiwa shuleni, na leo usingeenda Kampala kujifunza kwa wageni kitu ambacho mama yako angekuwa amekufundisha.

Hilo ndilo linaloniuma kuliko dizeli yote niliyoichoma.

Giza limeingia, naandika kwa taa. Nitakuambia taa ya nani: ni ya kwako, ile ya sola uliyoiacha juu ya kabati. Inawaka vizuri. Sikuwahi kuishika kabla ya leo.

Taban amekuja mara ya tatu, na safari hii alikuja naye yule mteja, nusu kichwa kipara na nusu msitu, amefura. Nimesimama. Wote wawili walidhani nakwenda kwenye mashine. Nimevuka njia nao mpaka kwa Mama Keji. Sikuwa nimekanyaga ua wake tangu matanga. Nimemwambia, "Mama Keji, naomba umeme." Ilinitoka kwa shida, lakini ilitoka. Ameleta kiti, amevuta waya kutoka ndani, na Taban amemalizia kichwa cha watu pale pale uani, sisi tukimulika. Kuanzia kesho atachajia mashine zake za kunyolea hapo. Zile nyumba tatu nimepita nikaziambia pia. Moja ilishanunua paneli tangu mwezi jana, ilikuwa inaniogopa tu.

Kwa hiyo nimeshajua. Kibanda ni chako. Ile paneli iliyokufa nimeishusha ukutani, nimeacha msumari, utatundika utakachotaka.

Ila mimi najijua, na wewe unanijua. Ukishaondoka, nyumba ikiwa kimya, jioni ya kwanza tu nitatafuta sababu ya kuwasha. Ndiyo maana begi lako utaliona zito kuliko ulivyolifunga. Chini kabisa, ndani ya sweta lako la shule, nimeweka hendeli. Watu wa forodha wakikuuliza, waambie mama yako ana wazimu, watakuelewa. Iende nawe Kampala, ikae chini ya kitanda chako mahali nisipoweza kuifikia. Usinirudishie hata nikikupigia simu nikilia.

Ukifika kusoma hapa, alfajiri itakuwa imepita; ukikumbuka kile kimya ulichoamkia, usidhani nilikuwa nimekasirika. Nilikuwa nje nakuchemshia chai ya maziwa.

Na sasa zile salamu nilizokunyima. Hujambo, mwanangu? Nipigie unijibu kabla hujapanda tena basi.

Mama yako